Kuchuma Ukwaju Katika Ngitili ya Shinyanga

Juni ikiingia, Geita hukauka. Mvua za masika zimeshaaga, nyasi za kando ya barabara zimevaa vumbi jekundu, na kila lori la mawe linalopita huwaacha watembea kwa miguu wameziba pua. Shule nazo zimefungwa, watoto wako nyumbani wanatafuta la kufanya. Mzazi mwenye gari au nauli huwaza ziwa, huwaza kisiwa cha Rubondo ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, au huwaza kwenda Mwanza kuwatembeza madukani. Mimi na mume wangu safari hii tuliamua jingine: tuwapeleke wanetu Shinyanga, wakachume matunda kwa mikono yao.

Majirani walishangaa. Shinyanga inajulikana kwa ukame, ng'ombe, pamba na almasi. Ina matunda gani ya kuchuma kiangazi? Swali lao lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Kiangazi ndicho msimu wa ukwaju na ubuyu. Miti hii miwili huyakomaza matunda yake wakati mahindi na mtama vimeshaingia ghalani na ardhi imeanza kupasuka. Na Shinyanga inayo maeneo ambamo miti hiyo imelindwa kwa miaka mingi, yanayoitwa ngitili.

Katika nchi kama Uingereza, familia za mijini husubiri miezi yao ya joto, Juni na Julai, kisha huenda mashambani kuchuma stroberi. Hupewa vikapu, huchuma wenyewe, hupima kwenye mizani, hulipa, hurudi nyumbani. Mkulima hupata wateja hadi shambani kwake, na mtoto huona tunda likiwa bado kwenye mmea uliolizaa. Sisi tunayo nafasi kama hiyo, hatujaitumia. Mtoto wa Geita anajua karasha linavyosaga mawe. Anajua duara, yaani shimo la dhahabu, anajua mwalo inakooshwa dhahabu hiyo, anajua kwamba matimba ni magogo yanayozuia kuta za duara zisiwaangukie wachimbaji. Lakini muulize ubuyu unatoka wapi, atakuonyesha kipakiti cha nailoni chenye punje nyekundu zilizotiwa sukari na rangi. Hilo ni pengo katika malezi, na sisi wazazi ndio wa kuliziba.

Tuliondoka alfajiri kwa njia ya Sengerema. Upande huu wa Geita bado unapata mvua za kutosha za ziwa, na ushahidi wake umepangwa kando ya lami: mananasi, marundo kwa marundo, yakiwa na vishungi vyake vya kijani. Tulisimama tukanunua mawili kwa ajili ya wenyeji wetu, jamaa za mume wangu, maana huwezi kwenda ukweni mikono mitupu. Muuzaji alitueleza kwamba nanasi likishapandwa humfanya mkulima asubiri mwaka na zaidi kabla ya kuvuna. Mwanangu wa kwanza alirudia maneno hayo kwa mshangao. Alikuwa akidhani nanasi huota na kukomaa ndani ya msimu mmoja kama mahindi.

Busisi tulipita bila kusimama. Kwa miaka mingi safari ya Geita kwenda Mwanza na Shinyanga ilikatizwa hapa na foleni ya kivuko. Mgonjwa, samaki, mwanafunzi, wote walisubiri zamu. Sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Watoto walibandika nyuso kwenye vioo wakitazama mitumbwi chini. Dakika chache tu tukawa ng'ambo ya Kigongo, tukashika barabara ya Usagara, Misungwi, Mabuki na Hungumalwa.

Kadiri unavyoteremka kusini, nchi hufunguka. Miamba ya Mwanza inabaki nyuma, inakuja mbuga yenye udongo mweusi unaonata masika na kuchanika kiangazi. Huu ni msimu wa pamba. Katika vituo vya vyama vya ushirika marobota meupe yalikuwa yamerundikwa, na barabarani mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa ikisogea taratibu na mizigo iliyofurika. Kisha tukafika Maganzo, mji mdogo ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi hapa, na miaka saba baadaye jiwe la rangi ya waridi kutoka mgodi huu lilikuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza. Simulizi maarufu ya huku husema Williamson aliipata almasi yake chini ya mbuyu. Watu wameizungumza almasi hiyo kwa zaidi ya miaka themanini. Mbuyu wenyewe, uliokuwa ukizaa kabla yake na kulisha watu kila kiangazi, hauna anayeuulizia.

Kutoka hapo tuliacha lami tukaingia ndani, hadi kwenye mji wa baba mdogo wa mume wangu. Nilipiga goti kumsalimia, kama inavyompasa mke wa mtoto wao, naye akaitikia kwa Kisukuma kirefu akiulizia nyumba, watoto, mvua za Geita na afya za wazazi wangu. Watoto walimwamkia shikamoo, akawashika vichwa mmoja baada ya mwingine. Mkewe, bibi wa watoto, alileta uji wa ukwaju kwenye vibuyu. Ulikuwa mchachu na wa vuguvugu, na baada ya vumbi lile la njiani sikuwahi kunywa kinywaji kilichonifaa zaidi. "Huu ni bushishi," aliwaambia wajukuu. "Mkitaka mwingine, mtauchuma wenyewe."

Ngitili ya mzee iko nyuma ya mji, hatua chache kupita zizi la ng'ombe. Haina ukuta wala seng'enge. Mpaka wake ni mstari wa minyaa upande mmoja, na upande mwingine ni njia ya miguu ambayo kila mtu kijijini anajua kwamba mifugo haiivuki. Ndani ni nchi nyingine kabisa. Nje tulikuwa tumeacha jua kali na visiki vya pamba. Humu kulikuwa na nyasi zilizofika kiunoni, migunga iliyotanda kama miavuli, sauti za njiwa na kwale, na kati ya vyote hivyo mikwaju mikubwa yenye kivuli kizito.

Kitinda mimba wangu alimuuliza: "Babu, miti yote hii umeipanda wewe?"

"Hapana, mjukuu wangu. Kapanda Mungu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwazuia ng'ombe na mashoka."

Jibu hilo lina historia ndefu nyuma yake. Wasukuma walikuwa na desturi ya zamani ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, ili nyasi na miti vipumue. Sehemu hiyo hufunguliwa kiangazi, Julai au Agosti kuendelea, pale malisho ya kwingine yanapokwisha. Kuna ngitili za familia na za kijiji kizima. Lakini karne ya 20 ilizivamia kwa njia nyingi. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o. Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o wa Waingereza, aliweka makao ya kazi hiyo hapahapa Shinyanga. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikahitajika. Miaka ya 1970 operesheni ya vijiji ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Ikafika mahali Mwalimu Nyerere akauita mkoa huu jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye waligundua kwamba wenyeji walikuwa na njia yao iliyo rahisi na ya kudumu: funga eneo, zuia mifugo, na visiki vilivyo ardhini vitachipua vyenyewe. Sheria za kulinda zikarudi mikononi mwa dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakasimamia utekelezaji. Anayevunja hutozwa faini. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana rasmi zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulikuwa mpana kabla ya mikoa ya Simiyu na Geita kuundwa mwaka 2012.

Sijui kazi nyingine ya mazingira katika nchi yetu iliyofanywa na watu wengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Nilipokuwa nimesimama chini ya mkwaju wa mzee nililiona hilo kwa macho. Mti ule haukuletwa na gari la mradi. Uliachwa tu, ukalindwa, ukakua.

Uchumaji wenyewe una adabu zake, na bibi ndiye aliyekuwa mwalimu. Kwanza, hupandi mti bila ruhusa ya mwenye ngitili. Pili, huvunji tawi ili kufikia tunda, maana tawi lililovunjika leo ni ukwaju uliopotea wa miaka mingi ijayo. Tatu, hukung'uti mti mzima. Unamwachia ndege, unamwachia mpita njia, na unaacha mwingine uanguke wenyewe. Tulitandika turubai chini, vijana wawili wa mji ule wakapanda na kutikisa matawi kwa mikono, na ukwaju ukaanza kudondoka kwa mlio mkavu. Watoto wangu waliingia chini ya mti wakikimbizana.

Bibi aliwaita wakae, akawafundisha kuchagua. Ukwaju uliokomaa gamba lake ni la kahawia, jepesi, na ukilibonyeza linavunjika kwa sababu nyama ya ndani imejitenga nalo. Ulio mbichi gamba lake limeshikamana na nyama na ukiukwaruza unaona ukijani. Ulioliwa na wadudu una kitundu kidogo na unga mwembamba unaotoka ukiutikisa. Baada ya muda mfupi binti yangu alikuwa akiupanga mwenyewe katika mafungu, na kila alipokosea bibi alimrudishia mkononi bila neno, auangalie tena. Tukamenya magamba, tukatoa nyuzi, tukakanda nyama na kokwa zake pamoja. Hivyo ndivyo hutunzwa hapa, na ukiwekwa pakavu unakaa hadi kiangazi kingine.

Mchana tulikaa kivulini tukala michembe iliyopikwa kwa karanga. Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani ndicho chakula kilichowavusha Wasukuma katika miaka mingi ya njaa, na kiangazi hiki kila mji ulikuwa umeanika vya kwake juu ya miamba na mikeka. Mzee alitumia muda huo kuwaeleza wajukuu hesabu ya ngitili yake. Kwanza nyasi, za ng'ombe wake mwezi Agosti. Kisha fito na kamba za kujengea. Kuni za matawi makavu. Dawa. Asali, kwenye mizinga aliyoitundika. Uyoga wakati wa mvua. Na matunda, kila moja kwa wakati wake. Upande wa Kahama kwenye miombo, alisema, ngitili zina furu, ntalali na mbula ambazo huku mbugani hazipatikani.

Wataalamu waliofanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijaribu kuvitia vyote hivyo katika fedha. Waligundua kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikuwa kama dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu. Kwa maneno mengine, pori lililofungwa lilikuwa likimpa mtu zaidi ya alivyotumia. Mzee hakuwahi kuisoma ripoti hiyo, lakini orodha yake ilikuwa ileile.

Jioni kidogo tulikwenda kwenye mbuyu, ng'wandu kama unavyoitwa pale. Kuuchuma ni kazi ya watu wazima. Mti ni mnene, hauna pa kushika, na mabuyu huning'inia juu kwa vikonyo virefu. Kijana mmoja alitumia mti mrefu wenye ndoana, watoto wakiwa wamesimamishwa mbali. Buyu lilipoanguka na kupasuka, tuliliokota: ganda gumu lenye manyoya laini, na ndani yake vipande vyeupe vikavu vilivyoshonwa kwa nyuzi nyekundu. Wanangu walikuwa wakilisubiri tunda jekundu la madukani. Walipoweka ule ubuyu mweupe mdomoni, ukayeyuka kwa uchachu wake wa asili, hawakuuliza sukari. Tunda hili lina vitamini C nyingi kupita chungwa, na tangu mwaka 2008 Umoja wa Ulaya umeruhusu ubuyu uuzwe huko kama chakula. Wazungu wanaununua ukiwa unga kwenye mitungi. Kwetu bado kuna mabuyu yanayooza chini ya mti.

Kabla ya kuondoka tulipima. Kipimo ni sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo linapima kila kitu kanda hii, kuanzia maharage hadi dagaa. Mume wangu alitaka kulipa, mzee akakataa, akisema mtoto hanunui kwao. Ilibidi tumweleze polepole. Tulimwambia kwamba tunalipa si kwa sababu sisi ni wageni, bali ili wajukuu wake waone kwamba ulinzi wake una thamani, na ili akina mama wa kijiji waliotusaidia kumenya wapate chao. Alifikiri, akamwita bibi, bibi akapokea kwa mikono miwili. Bei ilikuwa ile ya soko la Maganzo.

Nalisisitiza hili la kulipa kwa sababu ngitili ziko katika shinikizo. Ardhi inagawanywa kwa warithi, na kipande kikishakuwa kidogo, mrithi hushawishika kukilima pamba au kukichoma mkaa. Miji ya migodi ina njaa kubwa ya miti: mkaa wa kupikia, mbao za kujengea, matimba ya maduara. Mkwaju ukikatwa unatoa mkaa mzuri, unauzwa mara moja, na hadithi yake imekwisha. Ukiachwa, unazaa kwa miaka zaidi ya mia. Mwenye nao atachagua kuuacha ikiwa tu kuuacha kunamlisha.

Na sisi wa ukanda wa dhahabu tunajua maana ya mali inayokwisha. Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na mji ukasubiri zaidi ya miaka thelathini hadi mgodi mpya ulipoanza uzalishaji mwaka 2000. Buzwagi, pale Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukafunga mwaka 2021. Vijana waliozaliwa wakati unafunguliwa hawakuwahi kupata ajira ndani yake. Siidharau dhahabu, imejenga nyumba zetu na kusomesha watoto wetu. Ninachosema ni kwamba mtoto anayekua karibu na shimo anastahili kuonyeshwa pia utajiri wa aina ya pili, ule ambao ukiuvuna kwa adabu mwaka huu, mwakani unaukuta palepale.

Halmashauri za Kishapu, Shinyanga na Kahama zinaweza kulifanya jambo hili bila bajeti kubwa. Kijiji chenye ngitili ya jamii kitangaze siku za uchumaji wakati wa likizo ya Juni. Serikali ya kijiji na dagashida waweke kanuni na kiingilio. Akina mama wapike uji wa ukwaju na michembe, vijana waongoze wageni, na fedha ziingie katika mfuko wa kuilinda ngitili hiyohiyo. Shule za Geita, Kahama na Mwanza zilete wanafunzi. Somo la mazingira lifundishwe chini ya mti badala ya ubaoni.

Nawe mzazi unayesoma haya, usisubiri tangazo. Karibu kila familia ya kanda hii ina shangazi, mjomba au baba mdogo kijijini. Mpigie simu mwezi wa Mei, muulize ngitili yao bado ipo, na mikwaju imezaaje. Beba turubai, ndoo, maji ya kunywa na kofia za watoto. Omba ruhusa kwa mwenye ngitili, usivunje tawi, acha matunda mengine kwa ndege na kwa wapita njia. Kisha lipa, hata kama ni kwenu, maana anayeilinda ngitili anafanya kazi kama mkulima yeyote mwenye bustani, na anastahili ujira wake.